Viatu vya Alimasi

Lubumbashi, Bel-Air, Juni 1976

Yaya Kulthumu, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu za baridi. Huku Juni inauma mpaka mifupa, na moshi ya shaba inalala juu ya nyumba zetu. Shangazi Alima iko muzuri. Kitambaa ulichomutumia alishona mara moja, anakivaa kila Ijumaa.

Ulisema nimutafute mudogo wetu Alimasi bila kelele. Basi jana nilikodisha kinga, huko munasema baiskeli, nimutafute kando ya mto mpaka mwisho wa muji. Mwenye makinga, citoyen Tshibangu, hataki kitambulisho. Unamuachia viatu vyako, unapiga pedali miguu wazi. Anasema, “Muntu hasahau viatu vyake.”

Alipotundika vyangu ukutani, niliona pembeni sandali zenye uzi mwekundu kwenye kisigino. Baba peke yake anashona vile.

“Ni za nani?”

“Za kijana mumoja, wakati wa mvua. Kinga yangu tuliiokota mtoni. Yeye, hapana.”

Nilipanda hata hivyo, sikujua la kufanya lingine. Niliona madaraja, bustani za kabichi, bamama wanafua wakicheka. Muji iko muzuri, yaya. Maji ni ya udongo, huoni chini.

Niliporudi, Tshibangu alinishushia jozi zote mbili. Nilivaa vyangu. Zile sandali nilizirudisha mwenyewe kwenye musumari.

Mama akikuuliza, mwambie nimeona viatu vya Alimasi, na bado ni vizima.

Mudogo wako aliyebaki,
Amisi