Kitanda cha Pili Melini

Mama Mshauri, shikamoo, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana naandika nimevaa glavu, niko mazoezini, mwezi ujao naondoka kwa meli kwenda ncha ya kusini ya dunia kupiga picha pengwini, sili na nyangumi, mimi ambaye miaka kumi na tisa nimepiga picha za pasipoti tu, kaa wima, funga mdomo, tazama hapa, basi mwaka huu nyota yangu imeng'aa, picha iliyotoka studio kwangu imeshinda mashindano ya picha za wanyama na zawadi ni safari hiyo, chumba cha watu wawili, kila kitu juu ya waandaaji.

Hapo kwenye watu wawili ndipo shida ilipo. Mke wangu sina ubaya naye, lakini nina lenzi tano na stendi tatu za kamera, nitazilaza wapi kama si kitanda cha pili, halafu mwenzangu ana ujuaji, nilipomwambia nitapiga picha dubu mweupe na pengwini wamekaa pamoja kama maharusi akasema, "Baba, dubu anakaa kaskazini, hao hawajawahi hata kuonana," nikamwambia nani kakuuliza, na nilipokwenda kuzoea baridi kwenye chumba cha barafu cha muuza nyama jirani yetu, betri ikafa baada ya picha mbili, yeye akasema betri huwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili, eti kijitabu cha meli amekisoma mara tatu, na akasema hivyo mbele ya muuza nyama, nikaaibika kweli. Basi nikamdanganya kwamba wenye meli wameandika kitanda cha pili ni cha vyombo vya kazi. Akasema, "Sawa," akaendelea kupiga pasi. Tangu siku hiyo nikisema chochote ni sawa, hata nikikohoa ni sawa, na mimi silali vizuri.

Juzi wenye meli wakapiga simu studio, akapokea yeye, wanataka mshindi asimame mbele ya abiria aeleze picha ilivyopatikana, akanipa simu. Picha yenyewe ni ya kunguru aliyeingia dirishani akabeba mdomoni picha nne za mteja, na mimi nilikuwa namfukuza, ndala yangu inaonekana hewani na mguu wangu peku, waamuzi waliisifu sana ile ndala, na ni kweli kidole kilichobonyeza kilikuwa cha mke wangu, lakini kamera ni yangu, ndala ni yangu, hata dirisha ni langu. Fomu ya majina inafungwa Ijumaa. Nifundishe namna ya kumwambia abaki kwa roho safi, na asije akasema kitu.

Ni mimi, Mpiga Picha wa Kimataifa

Marahaba, baba. Vua glavu kwanza, tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika. Hivi hiyo picha umeitazama vizuri? Si wewe mwenyewe umo ndani! Mguu peku, ndala hewani! Abiria wa kwanza kunyoosha mkono atakuuliza, "Wakati unarusha ndala, kamera alishika nani?" Utamjibu nini? Kunguru?

Nakuonea huruma kidogo, usidhani sina moyo. Mtu aliyewaambia watu miaka kumi na tisa wasitabasamu ana haki ya kutamani kupiga kitu kinachorukaruka. Lakini barua nzima hukuandika popote kama mkeo anataka kwenda au hataki. Hukumuuliza. Mtu anayesoma kijitabu mara tatu anatamani safari hiyo kuliko wewe. Na siku ile ya simu angeweza kukumaliza kwa sentensi moja, akakusitiri. Huyo ndiye unayetaka kumwacha ili ulale na stendi? Aibu zako!

Maneno ya kumwacha sikufundishi. Kesho asubuhi, kabla hujafungua studio, wapigie wenye meli, mkeo akiwa hapo hapo na simu umeiweka spika, uwaambie mshindi ni nani. Ukimaliza, mwambie ule uongo wa kitanda, wote, usimsingizie mtu. Lenzi zipunguze ziwe mbili, na za kuchukua achague yeye. Dubu msahau kabisa.

Kisha chukua ile fomu, jina lake liandike mstari wa kwanza, na wa pili uuache wazi. Zawadi ni yake, wa kuujaza ni yeye. Akitaka atamwandika dada yake, akitaka atamwandika muuza nyama, ambaye angalau baridi ameizoea. Wewe usichungulie wala usinune. Ikifika Ijumaa mchana mstari bado uko wazi, nenda ukae mbele yake, na usithubutu kumwambia "twende" kana kwamba meli ni yako. Mwambie, "Mama watoto, naomba na mimi unichukue." Halafu unyamaze, umsubiri ajibu.