Mjomba Ndani ya Kofia ya Chuma

Nyumbani kwa Bibi Yuster,
Newala.
17 Agosti, 2025.

Mpendwa Mjomba Oscar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, kifua hakikusumbui tena, na samaki wa ziwani hawajakufanya usahau ugali wa muhogo. Sisi huku hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini jua likitoka anapona na kuanza kugombana na kuku. Goti la Mama linaendelea vizuri. Mimi nilijifungua salama, kama ulivyosikia, na maziwa yapo ya kutosha.

Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu. Tumeshapuliza salfa mara mbili, na Fortunatus, mume wangu, bado ana unga wa njano kwenye nyusi. Maji ni yale yale ya Newala. Yakitoka bombani watu wanapashana habari kama kuna harusi.

Utajiuliza kwa nini nimeshika karatasi wakati simu ipo. Nikikupigia simu ya video unakata. Nikikutumia ujumbe wa sauti unanijibu, "Sawa mama, tutaongea," na hatuongei. Karatasi haikatwi. Basi kaa chini unisikilize mpaka mwisho, kama sisi tulivyokuwa tunakaa kwenye mabenchi yako.

Kwanza habari za filamu. Sehemu ya mwisho ya Ufalme wa Nyota Kavu imetoka! Niliipata kwa Zuhra, yule anayeuza filamu kwenye flashi pale stendi, nikaitazama mchana mtoto akiwa amelala. Nimesikitika sana, na nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka ubishi wa kwenye banda lako la video? Mimi nilikuwa darasa la saba. Ulikuwa unasimama pembeni ya runinga na kipaza sauti, unatutafsiria, na pale Kiingereza kilipokushinda ulitunga. Stelingi wetu alikuwa yule binti Serani, na adui yake ni Ngao, mtu wa kofia ya chuma ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso. Siku chombo chao cha angani kilipotua kwenye nyota isiyo na maji, wanawake wamepanga foleni na madumu, banda zima lilipiga kelele, "Hapo ni Newala!" Ukashindwa kuendelea kutafsiri kwa kicheko.

Ubishi mkubwa ulikuwa Ngao ni nani kwa Serani. Wewe ulishikilia kwamba ni baba yake, na nimekuja kugundua kwamba dunia nzima ilikuwa inasema hivyo hivyo. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anauza karanga zake. Akachungulia, akamwona Ngao anamkatalia Serani kuolewa na mtoto wa mfalme na kumchagulia mahali pa kuishi. Akasema kwa sauti, kwa lafudhi yake ya Kimakonde, "Huyo si baba. Baba ana kauli gani hapo? Njomba huyo!" Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mimi sikucheka. Tangu siku ile nikawa upande wa Bibi.

Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Sisi tumekulia kwenye ngoma za mapiko, Mjomba. Mchezaji amevaa kinyago kichwani, amefunikwa nguo mwili mzima, na sisi wanawake hatutakiwi kumjua aliyemo ndani. Basi mimi simjui. Lakini kulikuwa na lipiko moja lililokuwa likitupa kisigino cha kushoto nje kila lilipozunguka, na kesho yake nilikuwa nakiona kisigino hicho hicho kikiingia bandani na dumu la petroli. Sijasema kitu. Nasema tu kwamba mtu wa lipiko humtazami usoni, unamtazama miguu. Nami nikamtazama Ngao miguu, nikaona anatembea vile vile alivyokuwa akitembea mama yake Serani katika sehemu ya kwanza. Kaka na dada wale, kweupe kabisa.

Hata ile mizimu. Tuna kundi la WhatsApp la wapenzi wa filamu hizi, watu wa kutoka Dodoma mpaka Mombasa. Wameandika kurasa na kurasa kwamba yule bibi wa mwanga wa bluu anayemtokea Serani bila kusema neno ni ishara ya dhamiri, na ule unga mweupe ambao Serani anaumwaga mlangoni pa chombo ni ishara ya usafi wa moyo. Nikawaambia unga ni unga. Kwetu mahoka, mizimu ya wazee wetu, wakija kimya, ujue wanadai kitu, na wazee humwaga unga wakawaomba. Na bibi mzaa mama atadai nini, kama si mwanawe, huyo Ngao, arudi nyumbani? Wakaniuliza Newala iko wapi. Jamaa mmoja akaandika kwamba nadharia yangu itakubalika kwa Wamakonde tu. Nikamjibu ahsante, hao wananitosha.

Sasa mwisho umetoka, na Ngao ni baba. Amevua kofia, amesema ni baba, Serani amelia, muziki umepigwa, basi. Kundi zima lilinitumia vikatuni vya kunicheka. Nimekubali? Sikubali hata kidogo. Waliotunga hawaujui ujomba, na wameharibu kitu kizuri walichokuwa nacho mkononi. Nilipomweleza Bibi alisema, "Wamekosea, watarudi," kana kwamba watakuja kumwomba radhi hapa uani.

Hayo ni ya filamu. Sasa nakuja kwako.

Mtoto wangu hana jina. Alizaliwa mwezi wa tano na mpaka leo hana. Unajua vizuri kwamba katika ukoo wetu jina la mtoto wa kwanza hutolewa na mjomba wa mama, akiwa amempakata, wala si kwa simu. Fortunatus anamwita Mgeni. Sokoni hawajui waniite mama nani, wananiita "Mama Mtoto" kama vile watoto wengine ni wa mbuzi.

Wazee wamekaa kikao. Wamesema Oscar haji, hakuja hata kumzika baba yake, basi Mjomba Alfredi, binamu yenu wa Tandahimba, asimame mahali pako ampe mtoto jina, na kuanzia hapo yeye ndiye awe mjomba wa nyumba hii. Unaelewa maana yake. Mdogo wangu akichumbiwa ataulizwa Alfredi. Kukiwa na msiba ataulizwa Alfredi. Wewe utabaki kuwa mtu tuliyekuwa naye zamani.

Nilisimama pale pale, mtoto begani, nikasema hapana. Mama alinivuta khanga nikae. Sikukaa. Nilisema mjomba wangu yuko hai, kauli anayo, na mtoto huyu atabaki hivyo hivyo mpaka mwenyewe afike. Mzee mmoja alinikaripia kwamba tangu lini mwanamke anayenyonyesha akaongoza kikao. Lakini Mjomba Alfredi ni mtu mwema. Alicheka, akasema, "Mwacheni, huyu ni Yuster mwingine." Basi wakanipa mpaka Jumapili ya kwanza ya Oktoba, siku ya ubatizo. Baada ya hapo korosho zitakuwa zimeanza kudondoka na hakuna mwenye nafasi ya vikao.

Mjomba, najua kwa nini huji. Nyumba nzima inajua na hakuna anayelisema, kwa hiyo nalisema mimi. Ni uso. Tangu siku ile jenereta liliposhika moto, ukarudi ndani ya banda kututoa mmoja mmoja, mimi nikiwemo, hukutaka tena tukuone. Ulitoka hospitali umejifunga kitambaa, ukapanda basi, na tangu hapo hatujapata hata picha. Babu alipofariki ulituma rambirambi kwa simu. Nilikasirika sana, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, nisikufiche. Nakupenda na nimekasirika. Moto ulikuchukua shavu la kushoto. Ujomba haukuwa shavuni.

Unaogopa tutashtuka. Labda tutashtuka kweli. Bibi atalia, Mama atalia, mimi nitawashinda wote, kisha chai itaiva tutakunywa. Watoto wa jirani watakukodolea macho siku ya kwanza, na siku ya pili watataka uwasimulie filamu. Ukipenda, vaa barakoa njia nzima kutoka Mwanza. Fortunatus atakungoja stendi ya Masasi na pikipiki. Yeye hajawahi kukuona, na nimemwambia asihangaike na sura za abiria, atazame kisigino.

Picha ya mtoto sikutumii, usiniombe. Wewe yako hutumi, na mimi ya kwangu situmi, ngoma droo. Nitakueleza kidogo tu. Ni wa kiume. Rangi ni ya baba yake, na masikio pia ni ya baba yake, Mungu amsaidie. Asipoamini jambo anainua unyusi mmoja. Lakini akicheka, Mjomba, shavu la kushoto linaingia kishimo, hilo moja tu, la kulia halina kitu.

Mama alipokiona kwa mara ya kwanza alinirudishia mtoto, akatoka, akaenda kukaa kwenye jiwe la kufulia. Bibi hakutoka. Alimshika kidevu akamtazama sana, akamwambia, "Karibu, Oscar." Kisha akanigeukia akaniambia nisithubutu kumwita hivyo mpaka mwenye jina aje aruhusu. Sijathubutu.

Kwa hiyo lile shavu unalolilia huko Mwanza halijapotea. Liko hapa Newala, zima, linanyonya. Njoo ulione.

Bibi anakusalimu, na anasema karanga zako amekuwekea. Mama anakusalimu kwa machozi, kama kawaida yake. Fortunatus anakusalimu, na anauliza kama unaogopa pikipiki. Mjomba Alfredi naye anakusalimu, na ameniagiza nikuandikie kwamba nafasi yako hakuiomba na haitaki. Msalimie Rajabu, mwenzio wa duka la redio, umwambie zile redio ataziangalia peke yake kwa muda.

Mungu akutangulie katika kila kituo cha basi, na waliokuzaa na waliokulea wakuvushe salama mpaka mlangoni kwetu.

Mpwa wako akupendaye na akungojaye,

Cecilia,
ambaye bado hajui ataitwa mama nani.