Sombe ya Kuwakumbuka Wafu Wetu

Jumatatu, 3 Novemba
Nimetwanga majani ya muhogo ya sombe mpaka mabega yanauma. Hii ni ya kuuza, ile ya ibada bado. Mama Neema alikuja na kinu chake, tukatwanga pamoja mlangoni kwangu. Treni ikapita ikatutia vumbi, akaitukana kama kawaida yake. Ibada ya kuwakumbuka marehemu wetu ni Jumamosi tarehe 22. Mimi napika sombe na bugali, yeye maharagwe na visamaki vya ndagala. Ni hivyo kila mwaka tangu tufike Kampala.

Mimi ni mtu wa Juu, yeye wa Chini, vijiji viwili vya bonde moja kule Kongo. Vijana wa kwetu walichoma kwao. Vijana wa kwao wakaja kuchoma kwetu. Kaka yangu alibaki kule, na mume wake alibaki kule. Hatujawahi kuulizana nani alianza. Hapa Namuwongo nyumba zimebanana mno kwa maswali ya namna hiyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Kikao cha maandalizi, kanisani. Kimeharibika.

Kila mwaka Mchungaji anasema: tunaimba, tunanyamaza, tunakula. Hakuna hotuba. Leo mwalimu mmoja wa Juu alisimama, akataka safari hii watoto waambiwe yaliyotokea. Waliozaliwa huku hawajui kitu. Nikaona ana haki. Akaanza kusimulia usiku wa kwetu. Usiku wa kwao hakuutaja. Mama mmoja wa Chini akamuuliza, "Na wa kwetu walikufa kwa malaria?" Basi, kelele. Mchungaji akafunga kikao kwa sala, hakuna aliyeitikia amina.

Nimemkasirikia yule mwalimu. Lakini alipokuwa anasimulia nililia, na moyo ulitulia kuliko miaka yote niliyonyamaza. Hilo siwezi kumwambia Mama Neema.

Jumapili, 9 Novemba
Kanisani wa Juu wamekaa kushoto, wa Chini kulia. Hakuna aliyewapanga. Mume wangu alinivuta mkono nikae kwetu. Mama Neema aliniangalia. Nikajifanya natafuta wimbo kitabuni.

Jumatano, 12 Novemba
Vita vimerudi bondeni. Simu zimejaa video, na kila mtu anatumiwa za upande wake tu. Mume wangu anazitazama mpaka chai inapoa. Nilimwambia azime. Akasema, "Wewe na huyo rafiki yako." Hakumalizia. Nilitaka amalizie nipate cha kumjibu.

Jumamosi, 15 Novemba
Mzee Bahati wa kwetu ameugua tumbo, vibaya sana. Juzi alikula kwa jirani wa Chini. Hospitali wamesema ni taifodi, na maji ya huku nani asiyeyajua. Haikusaidia. Neno sumu limeshatoka, sasa linatembea lenyewe.

Kwetu hili si mchezo. Tangu vita vile vya kwanza, kule nyumbani anayekuletea chakula anaonja kwanza mbele yako, ndipo ule. Si matusi, ni adabu. Mimi na Mama Neema hatujawahi kuonjeana. Tulipokutana kwenye kambi ya wakimbizi tulikuwa na njaa, kila mmoja alikula alichopewa na mwenzake, ikawa ndiyo mazoea.

Jumanne, 18 Novemba
Mchungaji ametuita sisi wawili. Wa Juu hawatakula maharagwe yake. Wa Chini hawatagusa sombe yangu. Anaomba tuonje kila sufuria mbele ya watu wote. Nikasema nitaonja, hata sahani nzima nitakula wakitaka. Mama Neema alingoja tutoke nje. Ndipo akasema, "Dada, hawa watu nimewalisha miaka yote. Nionje nini tena?"

Nilimsihi. Akasema hapana. Nilimwelewa kabisa, na nilitamani kumpiga. Tumeagana vibaya.

Jumamosi, 22 Novemba
Ibada zimekuwa mbili. Asubuhi kwetu, mchana kwao, kanisa lile lile la mabati. Mchungaji alisimama zote mbili, sauti imemkauka.

Kwetu mwalimu alisimulia. Watoto walisikiliza vizuri sana, wala hawakucheza. Hapo niliogopa. Njiani binti yangu Aline akaniuliza kama Mama Neema ni mtu mbaya. Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa mjomba aliuawa na nani?" Nikamwambia atembee haraka, mvua inakuja. Mvua haikuwepo.

Nimebaki na nusu sufuria ya sombe. Nilipika ya watu wote, wa Juu na wa Chini, mkono haujui kupima vingine. Nimewagawia majirani Waganda. "Weebale nnyabo," wakanishukuru, wakala hapo hapo wakiwa wamesimama, wakicheka. Niliwaonea wivu.

Jumapili, 23 Novemba
Sikwenda kanisani. Nimemwambia mume wangu kichwa kinauma. Kinauma kweli.

Jumanne, 25 Novemba
Homa. Mume wangu yuko kazini, Aline shuleni. Sokoni sikwenda.

Mchana Mama Neema aliingia bila kubisha hodi, kama zamani. Amesikia naumwa. Alileta bakuli la uji, akaniegemeza kwenye mto, akanipa kijiko mkononi. Uji ulikuwa na ndimu, ninavyoupenda. Nilikishika kijiko. Sikukitia kwenye bakuli. Nilisema moyoni, kula basi, huyu ni Mama Neema. Mkono ukakataa.

Akaniona.

Alikichukua kijiko taratibu, akanywa kimoja, akanywa cha pili, akakifuta kwa kitenge chake, akanirudishia.

Nikanywa uji wote. Tukaongea kidogo, habari za bei ya muhogo. Kisha akaosha bakuli, akaniambia nipone, akaenda.