Kaswende Tu

Kitendaguro, Jumanne, Juni 1988

Sijawahi kuona mtu akishangilia kaswende. Leo nimemwona, na ni mume wangu.

Tangu wiki iliyopita, muuguzi wa kliniki aliponitoa damu, Baba Koku alikuwa hali, halali. Kwake kupimwa damu ni UKIMWI basi. Akakitenga kikombe changu, na ebitooke, ndizi zetu za kila siku, akawa anapikiwa na dada yake. Mimi na mimba yangu ya miezi minane tukawa watu wa kuogopwa!

Leo nimerudi na majibu. Nikamwambia ni kaswende, inatibika kwa sindano, ila tusipotibiwa wote wawili mtoto anaweza kufia tumboni.

“Kaswende tu?” akaruka. “Mungu mkubwa! Hiyo si kitu. Mimi nilichomwa sindano mwaka juzi kule visiwani Muleba, nikaendelea kununua sangara wangu.”

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, amechelewa.

Mwaka juzi ndipo nilipozaa mtoto asiyepumua, na mama mkwe akasema tumbo langu lina laana.

Huyu wa tumboni sasa anacheza. Nimeweka mkono, bado anacheza.

Kikombe changu amekirudisha pamoja na vyake. Nimekitenga tena, safari hii mimi mwenyewe.