Kuruka kwa Mwisho kwa Oiva, na Mikoba ya Mama Sada

Jumamosi, mwezi wa tatu. Ule unyevu wa kila mwaka umerudi Guangzhou: kuta za ngazi zinatoa jasho, sare yangu ya shule haikauki, hata kurasa za daftari zimelegea.

Hili sijamwambia mtu. Mikoba ya Mama Sada niliiharibu mimi, kisha nikamsingizia mwanamke mwingine.

Ninyi wachache mnaosoma blogu hii mmeniuliza mbona sijaandika kuhusu kustaafu kwa Oiva. Siwezi kusimulia kuruka kwake kwa mwisho bila kusema nilikuwa wapi nikitazama.

Kwa mgeni: Oiva ni mrukaji wa skii kutoka Ufini. Anateleza kwenye mteremko wa barafu, anaruka, anakaa hewani sekunde chache tu, kifua karibu kigusane na skii. Mimi theluji sijawahi kuigusa. Nilimgundua siku nilipokuwa mgonjwa nyumbani, nikampenda kwa sababu hakuwa bingwa. Alipokuwa na umri wangu alishinda mashindano ya vijana, na magazeti ya kwao yakasema ndiye ajaye. Hakuja. Katika maisha yake yote ya ukubwani alipanda jukwaani mara moja, akiwa wa tatu, siku ya ukungu ambayo karibu wote waliruka vibaya. Kisha goti likaumia. Alikaa nje misimu miwili, akarudi akiruka kwa woga, na woga huo aliukiri.

Halafu kuna ile siku ya suti. Suti za warukaji hupimwa, maana ikiwa pana hushika upepo. Yake ilizidi kidogo pajani, akaondolewa mashindanoni. Watu wakamshambulia fundi wa timu aliyeishona. Oiva akawaambia waandishi, "Niliivaa mimi."

Nikayanakili maneno hayo, nikayapigia mstari. Nilijiona mtu wa aina hiyo.

Sasa upande wangu. Baba husafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar. Wateja wakija, mimi ndiye mdomo wao, kwa sababu nimesoma hapa tangu chekechea, na Kichina cha Baba kinaishia kwenye bei. Mwezi wa kwanza nilimpeleka Mama Sada, mwenye duka Kariakoo, hadi Shiling, kitongoji cha mafundi wa ngozi, kwenye karakana ya mikoba ya bibi mmoja tunayemwita laoban, yaani bosi. Mama Sada alichagua mkoba, akasema mkanda urefushwe ili mtu auvae begani juu ya abaya bila kuhangaika.

Asubuhi hiyohiyo Oiva alikuwa Japani kwenye mashindano yake ya mwisho. Simu ilikuwa mapajani mwangu, chini ya meza. Laoban alivuta futi yake ya kupimia, akaniuliza kama mkanda ubaki vilevile. Nikaitikia kwa kichwa. Akaandika karatasi ya oda, akanisogezea. Nikasaini bila kusoma, maana Oiva alikuwa ameshakaa kwenye ubao wa kuanzia.

Hakufika mbali. Hakuingia hata duru ya pili. Akavua skii, akaziweka begani, akaondoka akiwapungia watu mkono. Nikalia kidogo. Mama Sada akadhani ni mafua, akanipa pipi ya tangawizi.

Wiki iliyopita mzigo ulifika Dar. Mama Sada akatuma ujumbe wa sauti, Baba akaufungulia sebuleni: "Kaka Salum, huu si mkoba, huu ni bangili. Nimejaribu kuuvaa, umenikwama kwenye kiwiko. Hebu muulize huyo bibi yako, alikuwa anawashonea wanasesere?"

Baba alicheka kwanza, kisha akakasirika. Mimi nilicheka pia.

Akaniambia nimwandikie laoban. Jibu lilikuja na picha ya ile karatasi, saini yangu chini yake, na maneno haya: wewe ndiye uliyesema ubaki vilevile.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

"Anasema samahani, Baba. Fundi wake alikosea."

Sikufikiri. Yalinitoka kwa Kiswahili safi kabisa, na Baba hakuwa na sababu ya kuyatilia shaka.

Akaandika kwenye grupu la wafanyabiashara wetu kwamba wajihadhari na karakana ile. Watu wawili wameshahamisha oda zao. Laoban ananiandikia mimi, kwa kuwa ni mimi tu anayeweza kuzungumza naye: wateja wenu mbona hawaji? Kuna nini? Ujumbe wangu wa mwisho kwake ni wa Jumanne, picha ya ua.

Nilimtumia ua.

Saa moja jioni. Nimerudi.

Baada ya adhuhuri nilimwambia Baba. Alikuwa anabandika lebo kwenye maboksi, akaendelea kubandika mpaka nilipomaliza. Akasema, "Karatasi unayo?" Nikamwonyesha picha. Kichina hawezi kukisoma, lakini saini aliijua, alinifundisha mwenyewe kuandika jina langu. Akafungua grupu, akaandika kwamba kosa ni letu. Akanipa simu nimwambie Mama Sada kwa sauti yangu. Nilimwambia. Akajibu kwa neno moja, "Nimesikia," bila kuniita mwanangu, bila mzaha.

"Vaa viatu, Rukia."

Tukapanda basi hadi Shiling. Laoban alikuwa anakata ngozi, na leo hakuniletea kiti. Baba alisema yake kwa Kiswahili, nami nikayatia kwenye Kichina yote, pamoja na pale aliposema binti yangu alikutungia maneno ambayo hukuyasema.

Laoban akaweka mkasi chini. Akazungumza kwa muda, akimtazama Baba, si mimi.

"Kasema nini?"

Nikamwambia, "Kasema binti yako ni mwongo. Na kasema wewe ulipaswa kuja mwenyewe kabla ya kuwaandikia watu."

Kisha nikasimama pale katikati yao, nikangoja jibu la Baba ili nilitafsiri nalo.