Mkono wa Kulia wa Wambua

Jumamosi, 14 Machi 1998

Nimemaliza mlango wa mteja wa Kisaju. Bawaba zimekaa vizuri, hakuna pa kulalamika.

Mchana mke wangu Nduku aliniletea chakula kibandani, mwanetu Wambua mgongoni. Nikamsimamisha mtoto juu ya mapaja yangu. Akasimama. Miguu imenyooka kama ya meza. Miezi minne tu. Mama Naserian, jirani yetu anayeuza maziwa, alikuwa akipita, akacheka.

"Sopa, moran," akamsalimu kwa Kimaasai, kama shujaa. "Huyu atatembea kabla ya Naserian wangu."

Naserian wake amezaliwa mwezi mmoja na Wambua na bado ni laini kama uji. Nikampa Wambua kidole changu. Amekikamata, hakiachii. Mkono wa seremala huo. Nimejivuna siku nzima na sioni aibu.

Nduku anasema ngumi haifunguki hata akimwogesha. Uchafu unabaki ndani. Nimemwambia aache kutafuta kasoro.

Alhamisi, 21 Mei

Nikigonga msumari, Wambua anashtuka. Mikono inaruka juu, inatetemeka, halafu analia. Kila msumari. Nilidhani atazoea. Nimemwambia Nduku asimlete tena kazini.

Naserian ameanza kukaa. Anawekwa kwenye gunia, anakaa, anakula mchanga. Wa kwetu kichwa bado kinaanguka nyuma. Miguu migumu, shingo hakuna. Nina hasira na sijui nimemkasirikia nani. Nimemgombeza Nduku kwa sababu ya chai.

Jumanne, 14 Julai

Kliniki ya chanjo walituambia twende hospitali Kajiado, kwa daktari wa mazoezi. Ni mama kijana, sauti ya chini. Akamlaza Wambua mezani, akainua kichwa kidogo, akakiachia kidondokee kiganjani mwake. Mikono ikaruka. Akamwekea kidole mkononi, ngumi ikafunga. Akamsimamisha, miguu ikakakamaa na kupishana.

Akaeleza polepole. Kila mtoto huzaliwa na mambo haya. Kushtuka hivyo, kushika hivyo, si mtoto anayefanya, ni mwili. Miezi ikisonga yanaondoka yenyewe, ili mtoto aanze kushika na kuachia kwa kutaka kwake. Kwa Wambua hayajaondoka.

Akauliza alizaliwaje. Nduku akamwambia. Mvua ya El Niño, barabara imekatika, tukiwa chumbani kwetu Kitengela, na mtoto alikaa sana kabla ya kulia. Tukamwita Wambua, wa mvua. Tuliona ni jina zuri.

Kwa hiyo nguvu yote niliyojivunia ndiyo ugonjwa wenyewe.

Nikauliza kama atatembea. Akasema tuanze na shingo.

Jumatano, 15 Julai

Sijafungua kibanda.

Jumapili, 6 Septemba

Mazoezi asubuhi na jioni. Kumkunjua vidole, kuanzia gumba. Kumkunja magoti. Kumlaza kifudifudi juu ya blanketi iliyokunjwa ili ainue kichwa. Haiinui shingo. Analia, Nduku analia, mimi natoka nje.

Kanisani leo wametuita mbele wakatuombea bila kutuuliza. Mtu mmoja akamshika Wambua mguu akauvuta huku akipaza sauti. Nusura nimpige.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mama amekuja kutoka Machakos. Hakuuliza daktari alisema nini. Akaomba jembe.

Mimi sikuwa na habari. Nimerudi kutoka kazini, nikazunguka nyuma ya nyumba kunawa mikono, nikamwona mwanangu amesimama. Amesimama uani, peke yake, jua usoni. Kwa muda huo mfupi sikuona kingine chochote.

Kisha nikaona udongo. Mama alikuwa amechimba shimo, akamteremsha hadi kiunoni, akamshindilia udongo pande zote. Yeye mwenyewe alikuwa amechutama nyuma, amemshikilia kichwa. Kwao mtoto aliyechelewa husimamishwa ardhini hivyo mpaka miguu ipate nguvu. Anasema hata mimi nilisimamishwa hivyo.

Nilikaa chini palepale. Sikumtoa. Nilitaka kuendelea kumwona hivyo.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nduku alikuwa akijua na amekuwa akinyamaza wiki nzima. Leo ametoka sokoni akamkuta Wambua shimoni, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Amemfukua kwa mikono yake.

"Mama, huyu si mti," akasema.

Tangu tuoane sijamsikia akimjibu mama. Mama akafunga mzigo wake. Nimemsindikiza stendi. Ananipenda, na hilo shimo ndilo alilokuwa nalo la kutupa. Nimerudi nikalifukia. Udongo wa hapa mweusi, umenigandia kwenye viatu.

Jumamosi, 21 Novemba

Ametimiza mwaka. Hatukufanya kitu.

Naserian anatembea. Amekuja leo hadi mlangoni kwetu kwa miguu yake, akapiga makofi. Mama yake akamnyakua mbio akaondoka naye, kama aliyefumaniwa akiiba. Hilo limeniuma kuliko kutembea kwenyewe.

Lakini jioni. Naandika haraka. Wambua alikuwa amelala chali mkekani, mimi nimekaa kulia kwake. Nikamwita. Akageuza kichwa, akaniangalia, na mkono wake wa kulia ukanyooka ukanijia. Ukanigusa goti. Nikaona ni bahati tu. Kichwa kiliporudi katikati nikamwita tena. Ukaja tena.

Nduku akatoka jikoni akaona kwa macho yake. Akakaa chini na mwiko mkononi.

"Baba Wambua, anakutaka," akasema.

Jumatano, 2 Desemba

Nafunga kibanda mapema kila siku. Nakaa kulia, namwita, mkono unakuja. Ngumi bado ni ngumi, lakini unakuja. Nimemwambia kila mteja. Nimemwambia hata dereva wa lori la mbao, ambaye hana mtoto. Mkono ukishasikia, mguu nao utasikia. Nduku anacheka siku hizi. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Jumanne, 15 Desemba

Kajiado. Sikungoja daktari aulize. Nikamlaza Wambua mezani, nikasimama kulia, nikamwita. Mkono ukaja.

Daktari hakutabasamu. Akaniomba nisogee. Akakishika kichwa cha Wambua taratibu, akakigeuza kushoto, kitazame ukuta. Wa kulia ukajikunja. Wa kushoto ukanyooka, ukauelekea ukuta vilevile ulivyokuwa ukinijia mimi. Ukuta mtupu.

"Ni shingo, Baba Wambua," akasema. "Kichwa kikienda huku, mkono wa huku unatoka. Hiyo pia ilifaa iwe imeisha kitambo."

Huenda aliniambia Julai. Siku ile masikio yalikuwa yameziba.

Kisha akasema jambo jingine. Tusimwite tena kutoka kando. Kichwa kikizidi kugeuzwa hivyo, mwili unazidi kukamatwa na hiyo tabia, na mikono haitawahi kukutana mbele ya macho yake. Tukae mbele, katikati. Chakula mbele, uso mbele. Nikauliza kama mkono utakuja nikiwa mbele. Akasema labda siku moja, kwa kutaka mwenyewe. Na labda hapana.

Namshukuru kwa kutonidanganya. Namchukia pia.

Nduku akamfunga Wambua mgongoni, tukaondoka.

Alhamisi, 17 Desemba

Nimefunga kibanda saa ya kawaida. Nduku alikuwa amemkalisha Wambua ukutani, mto huku na mto huku, kichwa wima.

Nikaenda kukaa kulia kwake, mguu ulishazoea. Nikakumbuka. Nikahamia mbele.

Nimemwita. Ameniangalia usoni, moja kwa moja, bila kupepesa. Mikono yote miwili imebaki kifuani. Nikamwita tena, kwa sauti ya chini. Nimekaa hapo mpaka chakula kikaiva.