Kama Maji Yalikuwa Yameshiba

Chumba cha ghorofani, nyuma ya maabara,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo, na wote hapo nyumbani hawajambo? Jicho la kushoto linaendeleaje? Lile la kulia bado linakuonyesha ukungu? Mimi ni mzima wa mwili. Utulivu ndio sina. Hata barua hii naiandika nikiinuka na kuketi.

Najua anayekusomea ni binamu. Binamu, usiruke mistari. Shangazi, akiharakisha mfinye.

Uliniuliza ninapika nini humu maabara. Napika jiwe. Nachukua kipande cheupe, nakipima uzito, nakitia na maji ndani ya kijibomba cha dhahabu, nakiziba, kisha nakifungia kwenye chombo kinene cha chuma na kukisukuma ndani ya tanuri. Huko chini ya ardhi maji yana moto na presha kubwa mno, na mawe huyeyuka humo kama sukari kwenye chai, ila polepole. Tunataka kujua maji hayo yanabeba jiwe kiasi gani mpaka yashibe. Chombo hakina dirisha, Shangazi. Unakaa nje unatazama mshale wa presha, na roho haitulii.

Basi Jumanne mchana umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikazima. Mkuu wa maabara alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Tulibaki mimi na mwenzangu tunayemwita Mrefu.

"Tusubiri, utarudi sasa hivi," akasema Mrefu.

"Na usiporudi? Chombo kikipoa polepole, jiwe lililoyeyuka litaganda tena palepale. Tutapima nini?"

"Lakini bado wiki mbili, dada. Ukikitoa leo umekatisha."

Joto lilikuwa linashuka huku tunabishana. Nikavaa glavu, nikashika koleo, nikakichomoa chombo na kukitumbukiza kwenye pipa la maji baridi. Mvuke ukatupanda usoni, chuma kikalia, Mrefu akaruka nyuma hadi mlangoni. Usishtuke, sikuungua.

Kijibomba kilitoka kizima, na jiwe lilikuwa limepungua uzito. Nikafurahi peke yangu. Mkuu aliporudi akatazama tarakimu, akavua miwani.

"Umefanya vizuri kukipoza haraka. Ila hatujui kama maji yalikuwa yameshiba. Anza upya, na safari hii usibanduke."

Nikamwambia siwezi, shangazi aliyenilea anapasuliwa jicho Ijumaa hii, nami nimemwahidi. Akasema nikienda, Mrefu atalinda tanuri, na jina la Mrefu ndilo litakalotangulia kwenye makala ya utafiti huu. Miaka mitatu nimeitolea jasho kazi hii. Nikajibu, "Sawa, litangulie," nikatoka mbio kabla sijayameza maneno yangu.

Toka hapo sijakaa kitako. Naosha vikombe visafi, napanga nguo kwenye begi, nazipangua. Mrefu alikuja kuniomba radhi, utadhani yeye ndiye aliyekata umeme. Nilimjibu vibaya. Baadaye nikaona aibu, nikamfuata nikamwonyesha jinsi ya kukaza mfuniko usivuje. Jana tumekifunga chombo pamoja, tukawasha. Asubuhi hii nimeshakwenda kuchungulia mara mbili, na kazi si yangu tena.

Sikukupigia simu kwa sababu ungeniambia nibaki, nami ningekutii. Ndiyo maana barua nimempa yule dereva jirani yako, anayeondoka leo. Ikikufikia, mimi nitakuwa nimeshakata tiketi, na hasira zangu nitakuja nazo hukohuko. Nafika Alhamisi. Wakikufungua bandeji, nataka uso wa kwanza kuuona uwe wangu, hata kama umenuna.

Nisalimie baba mdogo fundi viatu, binamu wote, na yule jirani mshonaji. Mungu akushike mkono uingie chumba cha upasuaji, na akutoe salama.

Mwanao wa kulea, akupendaye mno,
Kiherehere